Nguo ya Njia ya Marungwe

Siku ile mjinga alikuwa Shekuwe. Tuliseme mapema lisije likatusumbua mbele, wala hatumsingizii. Yeye mwenyewe, alipokwisha kuwa mzee wa ndevu nyeupe, kila aliposimulia safari yake ya Marungwe alianzia hapo. "Siku ile mjinga nilikuwa mimi," husema, kisha hunyamaza kidogo kama mtu anayengoja kupingwa. Hakupingwa hata mara moja.

Zilikuwa zama za Wareno. Walikwisha kujenga ngome Sofala na kufunga mizinga yao ikitazama bahari, lakini dhahabu haikutoka baharini, ilitoka bara, nao wakaifuata. Walipanda nyanda za juu, mwendo wa siku kumi na nane kwa miguu, hata wakafika mlima wa Marungwe ambako Wakaranga walikuwa wakichimba tangu enzi za mababu zao. Juu ya mlima ule wakajenga mji: boma la mawe, kanisa la kengele moja, ghala la milango ya chuma, na nyumba za kuta nyeupe zilizoezekwa nyasi. Kuuzunguka mji kulijaa mashimo ya migodi, mengine yakichimbwa, mengine yameachwa na kuota magugu midomoni. Mlevi wa Marungwe alirudi nyumbani kwa kutambaa, si kwa sababu ya pombe, bali kwa busara. Na dhahabu yenyewe, ambayo ni unga, ilitiwa ndani ya mirija ya manyoya ya tai ikazibwa kwa nta, mzigo wa kutajirisha ukoo ukapita mlangoni umechomekwa nyuma ya sikio.

Lakini nchi ile ilikuwa na mwenyewe. Aliitwa Nemarungwe, na Wareno walichimba kwa idhini yake.

Shekuwe alikuwa mfumi. Wafumi wa Sofala walikuwa na kazi yao ya ajabu: walinunua nguo za buluu kutoka Kambaya ya Uhindini, wakazifumua uzi mmoja mmoja, kisha wakazifuma upya pamoja na pamba nyeupe ya kwao, ikatoka nguo ya milia ambayo wafalme wa bara waliigombania. Katika kazi hiyo Shekuwe hakuwa na mwenzake, naye alilijua hilo kupita watu wote. Alikuwa hawezi kusalimiana na mtu pasipo kumshika pindo la nguo, akalisugua kati ya vidole na kutoa hukumu.

Mwaka ule mama yake, Bi Mize, alishikwa na kikohozi kilichokataa dawa. Alikuwa na watoto wawili tu: huyu, na dada yake mkubwa, Somoe, aliyeolewa na mfanyabiashara akahamia Marungwe, akafiwa na mume, akabaki huko akiwa mkalimani wa soko baina ya Wareno na Wakaranga. Bi Mize akamwita Shekuwe kitandani.

"Niletee Somoe," akasema. "Nikimwona, nitakufa vizuri. Nisipomwona nitakufa vile vile, lakini nitakununia."

"Hutakufa, Mama."

"Sikukuuliza hilo. Nimekwambia niletee Somoe."

Shekuwe akatoka na wapagazi wanne na marobota ya nguo. Hongo njiani ikala nguo, mito iliyofurika ikala nguo, na siku ya kumi na nane alipoanza kuupanda mlima wa Marungwe alikuwa amebakiwa na mizigo miwili. Tangu asubuhi alikuwa akipishana na watu wanaoshuka: wanawake na majembe begani, wazee na kuku vikapuni, hata mtu mmoja aliyebeba jiwe lake la kusagia kichwani. Wote wakamwambia neno moja, kwamba arudi. Shekuwe akacheka moyoni. Aliona ni wachuuzi wanaomtisha ili wasipate mshindani sokoni.

Katikati ya mlima njia ilipita kati ya miti miwili, na baina ya miti ile ilifungwa nguo nyeupe yenye ukingo wa uzi mwekundu uliotiwa rangi ya magome, na juu yake limening'inizwa jembe, bapa likitazama juu. Wapagazi wakatua mizigo. Wakachuchumaa. Wakaanza kupiga makofi polepole, viganja vimekunjwa, sauti nzito kama ya maji yanayodondoka mtungini. Mtu mwingine angeuliza ni kitu gani kile. Shekuwe alikuwa mfumi. Hakuuliza, alishika pindo.

"Lo, salale," akasema. "Tazameni. Mshindio umelegea kama kamba ya mbuzi mzee. Hapa uzi umeruka, hapa umeruka, na hapa tena. Ukingo wa kushoto umeliwa ndani. Na hili fundo katikati, kubwa kama kunde. Aliyefuma nguo hii alikuwa amelala, na aliyemwamsha ndiye mwenye kosa."

"Mwenyi," akasema mkubwa wa wapagazi, kwa jina walilowaita watu wa pwani, "usiiguse."

Lakini alikwisha kuifungua. Aliikunja vizuri akaitia mkobani, aende nayo Sofala kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi nguo isivyofumwa. Jembe akaliegemeza mtini kwa heshima, maana hakuwa mwizi wa majembe. Alipogeuka, wapagazi walikuwa wakishuka mbio bila mizigo, na kutoka kilima cha pili ngoma ikaanza kulia. Shekuwe akadhani anakaribishwa. Akapunga mkono.

Akaivuta mizigo yake miwili mwenyewe mpaka lango la boma.

Somoe alikuwa amefunga safari. Kikapu chake kilikuwa mlangoni, viatu vya ngozi juu yake, na fimbo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo watu walizoea kuinama ili waisikie. Alipomwona ndugu yake alimshika mabega kwanza, kisha akamwangalia usoni.

"Mama?"

"Yu hai. Anakutaka upesi."

"Kesho alfajiri nilikuwa nashuka hata kama usingekuja. Nemarungwe amefunga migodi. Ardhi imechoka, amesema, na wapumzike waliozikwa ndani yake. Anayetaka kuondoka aondoke mikono mitupu, bila dhahabu wala silaha, hatagusa mtu. Sisi watu huru tuna ruhusa ya kapitani wa Wareno. Wachimbaji amewakataza." Akakaza kifuniko cha kikapu. "Njia umeionaje?"

"Njia iko wazi kabisa," akasema Shekuwe, na kwa kweli ilikuwa wazi, kwani alikuwa ameifungua yeye.

Alfajiri lango likafunguliwa. Wa kwanza kutoka alikuwa fundi seremala mmoja wa Kireno, mwenye kofia ya manyoya na mtungi wa siki mikononi. Hakufika hatua thelathini. Mishale ilitoka majanini upande huu na upande huu, akaketi chini taratibu kama aliyechoka, na siki ikamwagika njiani. Lango likafungwa kwa kishindo.

Kapitani wa mji, Dom Baltazari, alipanda ukutani akiwa na dirii ya chuma juu ya shati la kulalia, upanga mkononi. "Mmeona," akawaambia watu, na Somoe akafasiri. "Jana waliahidi, leo wanaua. Kuanzia sasa hatoki mtu." Watu wakaamini. Kwa nini Nemarungwe amevunja neno lake, hakuna aliyejua. Aliyekuwa na jibu mkobani mwake alikuwa akilaani Wakaranga kwa sauti kuliko wote.

Hivyo ndivyo mji wa Marungwe ulivyozingirwa. Ndani walikuwamo askari thelathini wenye bunduki za mrao, zile za kuwashwa kwa utambi, wachimbaji mia na ushei, wengi wao wanawake, na watu wa soko wachache. Kila asubuhi watu hao waliona mioto ya Nemarungwe ikifuka moshi kuuzunguka mlima, ngao zimepangwa kama magamba, na mto chini yao uking'aa, mto ambao hawakuweza kuufikia.

Siku ya saba unga uliisha. Siku ya tisa walikula mbwa wa kapitani, naye kapitani akala pia, huku akigeuza uso ukutani. Siku ya kumi walichemsha kamba za ngozi ambazo wachimbaji walishukia migodini, wakazitafuna tangu asubuhi mpaka alasiri. Shekuwe alisema ngozi ile imesukwa vizuri, inakataa kuachana. Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, maana kicheko kilikausha koo.

Siku ya kumi na tatu birika la maji ya mvua lilitoa tope, na siku ya kumi na nne halikutoa kitu.

Ndipo Chenzira alipozungumza. Alikuwa kiongozi wa wanawake wachimbaji, mtu mzima, mfupi, mwenye makovu ya mawe mikononi, aliyekuwa ameshuka ardhini mara nyingi kuliko alivyopanda ngazi ya kanisa. Alisema kuna shimo la zamani nyuma ya ghala, liliachwa kwa sababu chini yake lilianza kutoa maji. Kina chake ni pima kumi na tano za mikono miwili iliyonyooshwa. Maji yenyewe ni haba, yamejificha chini ya mwamba, ndoo haiyafikii. Lazima ashushwe mtu mwembamba ayachote kwa kibuyu.

"Basi ashushwe," akasema kapitani.

"Kwa kamba gani?" akauliza Chenzira. "Kamba tumeila."

Katika ghala la milango ya chuma kulikuwa na marobota ya nguo mpaka darini. Somoe akayataja. Kapitani akajibu kwamba nguo zile ni za mfalme wa Ureno, zina muhuri wa risasi, na atakayegusa muhuri atanyongwa.

"Kwa kamba gani?" akauliza Somoe kwa ile sauti yake ndogo, na kapitani akaondoka.

Sasa Shekuwe akawa mtu. Alifungua mizigo yake miwili, akaketi chini ya ukuta wa kanisa, akaanza kufumua nguo alizozifuma kwa miaka miwili. Wanawake wakasokota, yeye akasuka. Siku nzima, na siku ya pili yake mpaka adhuhuri. Kamba ilitoka nzuri, ya buluu na nyeupe, nene kama kidole gumba. Wakaipima: pima kumi na mbili. Akavua kilemba chake, akakisuka: pima kumi na tatu. Midomo ya Somoe ilikuwa imepasuka, naye alikuwa ameanza kuzungumza na mama yao kwa sauti kana kwamba yuko chumba cha pili. Shekuwe akatia mkono mkobani, akaitoa ile nguo mbovu ya njiani, akaifumua bila hata kuitazama. Ikatoa pima mbili.

Chenzira akafungwa kamba kiunoni akashushwa. Alipopandishwa, kibuyu kilikuwa na maji mekundu yanayonuka chuma. Somoe alikunywa mafunda matatu, akaacha kuzungumza na mama. Watu wakalia bila machozi. Siku ile Shekuwe alipita mjini bila kilemba, na kila mtu akampisha.

Kesho yake Chenzira alikuwa akifungwa kamba kwa mara ya tatu, jua limesimama juu ya mdomo wa shimo, alipouona uzi mwekundu ubavuni mwake. Aliushika. Akaufuata kwa kidole mpaka mahali ulipoingia na kutoka. Kisha akajifungua kamba, akaiweka chini kama mtu anavyomlaza mgonjwa, akachuchumaa na kuanza kupiga makofi polepole. Wanawake wote waliokuwapo wakachuchumaa pamoja naye.

Sauti ile Shekuwe aliwahi kuisikia.

"Mwenyi," akasema Chenzira, na Somoe akafasiri, "uzi huu umeutoa wapi?"

Akasema. Alisema yote, hata la kupunga mkono. Somoe alifasiri nusu ya kwanza, kisha akaacha kufasiri, akabaki akimtazama ndugu yake.

"Ile ndiyo nguo ya kufunga migodi," akamwambia taratibu. "Maadamu imefungwa pale, anayeshuka chini yake mikono mitupu ni mgeni wa Nemarungwe. Ikiondolewa na mtu wa mji, mji umekataa. Yule seremala hakuuawa na Nemarungwe, Shekuwe."

"Sikujua, dada."

"Uliuliza?"

Chenzira akasema hatashuka tena kwa kamba ile, wala mwanamke wake yeyote. Kapitani aliposikia alikuja na bastola. Akaamuru askari wawili washuke badala yao. Wa kwanza alikwama mabega pima ya nne akapandishwa akilia, wa pili alikataa hata kusogea. Kapitani akamwelekezea Chenzira bastola. Chenzira akaendelea kupiga makofi.

"Dada," akasema Shekuwe. "Mwulize. Nikiifuma tena?"

Chenzira alifikiri. Akajibu kwamba hajawahi kusikia jambo kama hilo. Lakini ikirudi ile ile, uzi ule ule, huenda.

"Kamba haitafumuliwa," akasema kapitani. "Pima mbili zikitoka, haitafika majini."

"Haifiki majini hata sasa," Somoe akamwambia. "Hakuna wa kuishukia."

Hapo ndipo askari walipomwacha kapitani wao. Hawakupiga kelele wala hawakuasi kwa tarumbeta. Waliondoka mmoja mmoja kama watu wanaokwenda haja, na baada ya muda zikasikika nyundo zikigonga milango ya chuma. Muhuri wa mfalme wa Ureno ukaanguka mchangani. Nguo za ghala zikasukwa kamba mpya, wanawake wakashuka kwa hiyo, na maji yakaendelea kupatikana, kidogo, ya kumwezesha mtu kufa polepole badala ya kufa upesi. Wawili kati yao walikufa hata hivyo, na mzee mmoja wa soko.

Shekuwe akachomeka vigingi uwanjani kwa kanisa, akatandika mtande, nyuzi za urefu. Nyuzi nyingine zilikuwa zimekatika. Alizichovya mate ili aziunge, na mate hayakuwapo. Lakini taabu kubwa ilikuwa nyingine. Ilimpasa afume vibaya. Na si vibaya hivi hivi. Ilimpasa afume vibaya vile vile. Kila kosa alilikumbuka, kwa sababu kila kosa alikuwa amelicheka na kulisimulia mjini tangu siku ya kwanza: uzi ulioruka mara tatu, na ni wapi, ukingo wa kushoto ulioliwa kwa upana wa vidole viwili, fundo kubwa kama kunde, shibiri nne kutoka mwanzo. Ila mikono yake haikukubali. Akilegeza mshindio, vidole vinaukaza. Akiuacha uzi uruke, mkono unaurudisha. Ilimbidi afumue kazi nzuri ili aharibu, siku mbili nzima, machozi yakimlenga, watu mia na ushei wamekaa wakimtazama kimya kana kwamba anawachimbia kaburi au kisima, hawajui kipi.

Somoe alikaa karibu akimsokotea nyuzi. Alimsemesha mara moja tu.

"Hapo umenyoosha."

Akafumua, akapindisha.

Siku ya ishirini na moja, asubuhi, lango likafunguliwa kiasi cha kupita mtu. Shekuwe alitoka kichwa wazi, miguu mitupu, kitambaa kimoja kiunoni, nguo imelazwa juu ya viganja vyake. Nyuma yake Somoe, kwa sababu ya lugha. Wakampita seremala. Mshale wa kwanza ulichoma ardhi kuliani, wa pili kushotoni. Shekuwe baadaye alisema hakuogopa, kwa kuwa magoti yaliyokuwa yakigongana hayakuwa yake. Alifika penye miti miwili. Jembe lilikuwa limeegemea pale pale alipoliweka. Akaifunga nguo, akalining'iniza jembe, bapa likitazama juu, akachuchumaa na kupiga makofi kwa viganja vilivyokunjwa, vibaya, kama mgeni anayejifunza.

Nemarungwe akashuka na wazee sita. Alikuwa mtu wa makamo, amejifunika nguo nyeusi bega moja, duara la kombe jeupe limefungwa kipajini, shoka dogo la shaba mkononi. Hakumtazama Shekuwe. Wazee wakaishika nguo, wakaisogeza puani, wakaibishania. Mmoja akasema si yenyewe. Mwingine akasema uzi ni wenyewe ila nguo si yenyewe. Wa tatu akasema nguo iliyokufa haifufuliwi na aliyeiua, na mkono wake ukaenda kwenye mkuki. Somoe aliyafasiri yote kwa sauti ile ile, hata la mkuki.

Nemarungwe akasema, "Mwiteni shangazi."

Akaletwa bibi mmoja ameshikwa mkono, macho yake yana utando mweupe. Ndiye aliyeifuma nguo ile, yeye na si mwingine, kwa kuwa kazi hiyo ni ya dada wa baba wa mwenye nchi, aone asione. Shekuwe alitazama yale macho, akakumbuka alivyosema kuhusu mfumi aliyelala. Kama ardhi ingekuwa na shimo karibu angejitia.

Bibi alipitisha vidole kwenye ukingo wa kushoto. Akalikuta fundo, akatabasamu. Akaenda polepole mpaka mwisho, akarudi, akasimama mahali pamoja.

"Makosa haya ni yangu yote," akasema. "La kwake ni moja. Hapa aliona haya, akanyoosha."

Akamwachia nguo Nemarungwe, akaomba apelekwe kivulini. Nemarungwe akaiacha pale pale juu ya njia, watu wapite.

Jua lilipokuwa utosini watu wa Marungwe walianza kupita chini ya ile nguo, wameinama, mikono mitupu: Chenzira na wanawake wake, ambao nchi ile ilikuwa kwao na hawakuaga mtu, watu wa soko, askari bila bunduki. Kapitani Dom Baltazari alibaki katika ghala lake lililovunjwa, akiketi juu ya robota la mwisho lenye muhuri, na habari zake historia haikuzihifadhi. Ilihifadhi mashimo tu. Mpaka miaka mingi baadaye wapitaji walisema kengele bado imo ndani ya kanisa lisilo na paa, na kwamba mtu atembee pale kwa fimbo.

Safari ya kurudi ilikuwa siku kumi na nane, na katika siku hizo Shekuwe alipata nafuu. Alinenepa kidogo, na maneno yakamrudia. Siku ya tano alisema kamba ile haikuwa mchezo. Siku ya tisa alisema hakuna mfumi mwingine, toka Sofala mpaka Kilwa, angeweza kukumbuka lile fundo. Siku ya kumi na nne alisema kwamba, ukilitazama jambo vizuri, amewaokoa watu mia. Somoe alitembea mbele na fimbo yake. Aliharakisha kila siku kuliko jana yake.

Walipoingia Sofala, mlango wa Bi Mize ulikuwa wazi na mikeka imetandikwa nje. Alikuwa amezikwa siku kumi na moja kabla. Jirani aliyemuuguza akasema mpaka mwisho alikuwa akigeuza kichwa kila mlango unapolia.

Watu wakaja kuwapa pole, na baada ya pole wakataka habari. Shekuwe akawapa. Alisimulia kamba, akasimulia maji mekundu, akasimulia mishale miwili na vidole vya bibi kipofu, na kila mtu akatikisa kichwa kwa mastaajabu. Ile sehemu ya mwanzo, ya miti miwili na nguo mkobani, aliipita haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Somoe alikuwa ameketi mlangoni kwa chumba cha mama yao, nguo ya marehemu mapajani, akiikunja na kuikunjua.

"Watu hawajui," Shekuwe akamalizia, akimwelekezea mkono. "Bila mimi, dada yangu huyu angekuwa mifupa kule juu."

Somoe hakuinua macho. Sauti yake ilikuwa ndogo, na wote waliokuwapo wakainama ili waisikie.

"Bila wewe ningemkuta Mama."